Bati la Paa na Mpini wa Mwiko: Joto Lapitaje Katika Vitu?



Ndugu wasomaji wetu, akina baba na akina mama, msimu wa kaskazi unapoingia katika pwani yetu, jambo la kwanza linalosemwa barazani baada ya salamu ni joto. Wazee hulilalamikia msikitini, watoto hulilalamikia madrasa, na mama aliyeko jikoni hana hata wa kumlalamikia, kwa kuwa yeye amewekwa kati ya joto la paa na joto la jiko. Tumezoea kulihesabu joto kuwa ni hali ya msimu ambayo dawa yake ni subira na feni. Subira ni katika imani, na feni ikipatikana ni neema. Lakini sehemu kubwa ya joto linalotuchosha majumbani hailetwi na msimu peke yake. Huletwa pia na vitu tulivyovichagua kwa mikono yetu: bati tulilolinunua, jiko tulilolitia mkaa, kigae tulichokitandaza uani.

Juma hili tumekusudia kulieleza jambo moja tu katika habari za joto, nalo ni namna linavyopita ndani ya vitu: kwa nini hukimbia katika bati, hutembea katika jiwe na hutambaa katika mti. Ni elimu ya darasani, lakini ndani yake vimo vidole vya watoto wetu, imo fedha ya mkaa, na kwa sisi tuliopewa amana ya kuzisimamia kamati za misikiti, umo uamuzi wa wapi iende sadaka ya waumini.

Tofali mkononi mwa vijana

Msingi wa kwanza ni huu: joto hutoka penye moto zaidi kwenda penye moto kidogo, wala halirudi kinyume kwa hiari yake. Tunaposema baridi imeingia, kwa hakika hakuna kilichoingia. Joto ndilo lililotoka. Na mahali pawili vikigusana kwa muda wa kutosha, joto litaendelea kuhama mpaka viwe sawa.

Vitabu vya sayansi vya shule vinatufundisha kwamba joto lina njia tatu za kusafiri. Kuna msafara, ambapo maji au hewa yenye moto huinuka na kulibeba joto pamoja nayo, kama tuonavyo uji unavyopanda na kushuka sufuriani. Kuna mnunurisho, ambapo joto huvuka bila kubebwa na kitu, kama lile litujialo kutoka kwenye jua. Na kuna mpitisho, ambao ndio makusudio yetu leo: joto kupita ndani ya kitu chenyewe, kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kitu kile kisijongee.

Mfano wake ni vijana waliojipanga mstari siku ya ujenzi wa msikiti wakipitishiana matofali. Kila mmoja amesimama mahali pake, wala hapigi hatua. Tofali ndilo linalosafiri kutoka mkono hadi mkono. Ndivyo zilivyo chembe ndogo mno ambazo kila kitu kimeumbwa kwazo. Chembe iliyo karibu na moto hutikisika kwa nguvu, humtikisa jirani yake, naye humtikisa wa pili, mpaka mtikisiko ukafika ncha ya upande mwingine. Katika madini kama shaba, alumini na chuma kuna jambo la ziada: zimo elektroni zisizofungwa mahali pamoja, na hizo ni mfano wa vijana wengine wasiosimama mstarini, bali wanaokimbia huku na huko na matofali mikononi. Ndiyo maana madini hulipitisha joto haraka, na vitu visivyo na elektroni huru, kama mti, udongo na kioo, hulipitisha kwa taratibu.

Tofauti yenyewe si ndogo. Tukikichukua kioo cha dirisha kuwa kipimo chetu, tukakiita 1, basi shaba nyekundu hupitisha joto mara 400 hivi ya kioo. Alumini, ambayo ndiyo sufuria zetu nyingi, hupitisha mara 200 na zaidi. Chuma cha mabati na nondo ni mara 50 hivi, na kile kisichoshika kutu, cha vijiko na sinia zinazong'aa, ni mara 15 tu. Tofali la kuchoma liko chini kidogo ya kioo. Mbao kavu hupitisha sehemu 1 kati ya 7 ya kile kinachopitishwa na kioo, na hewa iliyotulia sehemu 1 kati ya 40. Kwa hiyo kati ya shaba nyekundu na hewa iliyotulia kuna umbali wa zaidi ya mara 15,000.

Aliyeziweka habari hizi katika hesabu iliyonyooka ni Mfaransa Joseph Fourier. Mtu huyu alifuatana na jeshi la Napoleon lililoivamia Misri mwaka 1798, na mjini Cairo akawa katibu wa taasisi ya elimu iliyoanzishwa na Wafaransa hao. Baada ya kurejea kwao alizama katika uchunguzi wa joto, na mwaka 1822 akachapisha kitabu chake kilichokuwa msingi wa elimu hii. Hesabu zake ni ndefu, lakini maana yake yaweza kusemwa barazani. Kiasi cha joto kinachopita katika kitu hutegemea mambo manne: kitu chenyewe ni cha aina gani, kina upana gani, kina unene gani, na tofauti ya moto kati ya pande zake mbili ni kubwa kiasi gani. Mambo manne haya yahifadhiwe, kwani yote tutakayoyasema baada ya hapa yanarudi kwayo.

Mkono si mizani

Anayetoka kwenda kuswali Alfajiri huligusa geti la chuma akaliona baridi, kisha akaugusa mlango wa mbao akauona vuguvugu. Akiulizwa, ataapa kwamba chuma kina baridi kuliko mbao. Lakini vyote viwili vimelala usiku mzima katika hewa ile ile, na kipimajoto kikiwekwa juu yake kitaonyesha nyuzi zile zile. Kilichotofautiana ni kasi ya joto kuuacha mkono. Chuma hulinyakua joto la kiganja na kulisambaza ndani yake mara moja. Mbao hulipokea kidogo, kisha sehemu ile iliyoguswa ikapata moto sawa na mkono, na mkono usihisi tena kupokonywa. Mkono wetu, basi, haupimi moto wa kitu. Unapima mwendo wa joto.

Hili lina faida kwa wazazi. Mtoto aliyekwisha kushika mwiko ulio ndani ya uji unaochemka asiungue, hana sababu ya kudhani kwamba kijiko cha chuma kilichomo katika uji huo huo kitamuunguza. Kwake vyote ni vijiko. Tukimkaripia tu kwamba asiguse, tumempa amri. Tukimfahamisha tofauti, tumempa kinga atakayokwenda nayo hata pale ambapo sisi hatupo.

Njia ya kumfahamisha ni nyepesi. Katika miaka ya 1780 tabibu wa Kiholanzi aitwaye Jan Ingenhousz alizipaka nta fimbo nyembamba za madini mbalimbali, akazichovya ncha zake katika mafuta ya moto, kisha akatazama nta ya fimbo ipi yayeyuka mbali zaidi. Walimu wa madrasa na wazazi wanaweza kuufanya mfano wa jaribio hilo asubuhi kabla jua halijawa kali. Tafuta vijiko vitatu vyenye urefu unaolingana: cha alumini, cha chuma kisichoshika kutu na cha mbao. Kwenye ncha ya kila kimoja bandika siagi kidogo iliyoganda, na juu ya siagi uweke punje ya dengu. Kisha mtu mzima, wala si mtoto, amimine maji ya moto katika kikombe kizito na kuvisimamisha vijiko humo, ncha zenye dengu zikiwa juu. Watoto watakaa mbali kidogo na kuhesabu ni dengu ipi inayoanguka mwanzo. Somo hilo hawatalisahau, wala halina gharama.

Hekima iliyomo jikoni

Mabibi zetu hawakukisoma kitabu cha Fourier, lakini jiko lao lilikuwa limepangwa kwa kanuni hizo hizo. Upawa wa kifuu cha nazi wenye mpini wa mti, mwiko wa mbao, dele la kahawa la shaba lenye mshikio wa mti au uliozungushiwa kitambaa: kila kimoja kina sehemu ya kulipokea joto na sehemu ya kulizuia. Shaba ikae makaani, mti ukae mkononi. Hali kadhalika mpishi wa pilau anapopalia makaa juu ya kifuniko cha bati, hufanya hivyo kwa kujua kwamba bati halitalizuia joto kushuka, na wali utaiva juu kama unavyoiva chini.

Sufuria ya alumini na chungu cha udongo nazo zina tabia mbili mbalimbali. Alumini hulipokea joto upesi na kulitandaza kote, kwa hiyo maji huchemka haraka. Lakini ikiepuliwa, hulitoa upesi vilevile. Chungu huchelewa kupata moto, na anayekiharakisha hula mkaa mwingi. Lakini kikishajaa joto hukaa nalo, hata mchuzi wa samaki ukaendelea kububujika mezani ilhali jiko limeachwa uani. Kwa hiyo chai ya haraka ni haki ya sufuria, na chakula cha kutokota ni haki ya chungu.

Na hapa kuna onyo kwa wanaoepua. Kitambaa kikavu hukinga mkono kwa sababu kati ya nyuzi zake imefungwa hewa, nayo hewa, kama tulivyoona, ni mzuiaji mkubwa wa joto. Kitambaa kikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa hiyo, na maji hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko hewa. Joto huvuka papo hapo, mkono hushtuka, na sufuria ya mchuzi huanguka miguuni mwa mpishi au juu ya mtoto aliyekaa karibu. Kitambaa cha kuepulia kiwe kikavu, kiwe kinene, na kisiwe ndicho kinachofutia meza.

Upande wa mkaa, jiko la bati tupu hulipoteza joto kupitia ubavu wake mwembamba. Linamkausha mpishi miguu kabla halijaivisha maharage. Mapema katika miaka ya 1980 huko Kenya walianza kutengeneza jiko lenye ganda la bati kwa nje na kikombe cha udongo uliochomwa kwa ndani. Udongo hulichelewesha joto lisitoroke pembeni, likabaki kwenye mkaa na kupanda kwenye sufuria. Jiko hilo likitengenezwa vizuri hupunguza mkaa kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 50. Kwa nyumba inayonunua mkaa kwa kopo kila siku, hiyo ni fedha ya daftari na sare za shule. Lakini udongo ukipasuka na kumeguka, jiko limerudi kuwa bati, na ni bora kuubadilisha mapema kuliko kuendelea kulilisha mkaa wa bure.

Kutoka elimu hiyo hiyo tunapata kikapu cha kuhifadhia moto. Maharage yakishachemka sawasawa, sufuria yenye kifuniko huepuliwa na kutiwa katika kikapu kilichojazwa pande zote majani makavu, maranda au matambara, kisha ikafunikwa kwa mto. Hewa iliyonaswa humo huzuia joto lisitoke, na maharage huendelea kuiva bila moto. Katika mwezi wa Ramadhani, mama anayehangaikia futari huku amefunga atapata nafuu kubwa. Sharti ni kwamba chakula kitoke kikapuni kingali moto kabisa; kilichokwisha kuwa vuguvugu kichemshwe upya kabla ya kuliwa.

Na chupa ya chai, ambayo haikosekani katika nyumba zetu, imekwenda mbali zaidi. Ndani yake mna chupa ya kioo yenye kuta mbili, na kati ya kuta hizo hewa imenyonywa ikabaki nafasi tupu. Mwanasayansi James Dewar ndiye aliyeibuni mwaka 1892. Pasipo na kitu, hakuna wa kulipitisha tofali. Ndiyo sababu ncha ndogo iliyo chini ya kioo ikivunjika na hewa ikaingia, chupa hupoozesha chai kama kopo la kawaida, ijapokuwa kwa macho bado ni nzima.

Moto unapomfikia mtoto

Tumeyasema yaliyotangulia ili kuzuia ajali, lakini kadari ya Mwenyezi Mungu hupita, na mzazi sharti ajue la kufanya. Ngozi ya mwanadamu hulipitisha joto kwa taratibu. Kwa hiyo mtoto anapomwagikiwa na chai au anapoishika sufuria, joto lililoingia halitoki pale tu anapoondolewa kwenye moto. Linaendelea kupita kwenda ndani, na kuunguza nyama iliyo chini, ilhali sisi tunadhani ajali imekwisha.

Jambo la kwanza, basi, ni kulivuta joto hilo lirudi nje, na cha kulivutia ni maji. Mahali palipoungua pawekwe chini ya maji ya kawaida yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Pasipo na bomba, maji safi yamiminwe kwa kata bila kukatiza. Nguo iliyolowa chai ya moto ivuliwe upesi, kwa kuwa inaendelea kupitisha joto. Ila ikiwa imegandamana na ngozi isibanduliwe. Bangili na pete zivuliwe kabla mkono haujavimba. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, na mwili uliobaki wa mtoto uhifadhiwe asishikwe na baridi.

Dawa ya meno, samli, mafuta, unga na majivu visipakwe. Vinafunika joto ndani badala ya kulitoa, na vinamtia daktari katika kazi ya kuvikwangua juu ya kidonda. Barafu nayo isiwekwe, kwani hunyakua joto kwa nguvu kupita kiasi na kuidhuru ngozi iliyokwisha kudhurika. Mtoto mdogo, na yeyote aliyeungua uso, mikono, viungo au sehemu za siri, au eneo linalozidi ukubwa wa kiganja chake, apelekwe hospitali baada ya maji, bila kungoja kesho.

Juu ya vichwa vyetu

Tutoke sasa jikoni tupande paani. Bati la nyumba zetu lina unene usiofika nusu milimita, na ni la chuma. Jua la adhuhuri linapolipiga, hasa likiwa limeingia kutu au limepakwa rangi nyeusi, moto wake waweza kupita nyuzi 60. Kwa wembamba huo na kwa aina hiyo ya kitu, hakuna cha kulichelewesha joto: upande wa ndani huwa na moto sawa na wa nje kwa muda mfupi mno. Kisha upande huo wa ndani hulimimina joto juu ya vichwa vyetu kwa mnunurisho, kama kwamba tumekaa chini ya sinia la makaa.

Mara nyingi tunasikia ushauri kwamba anayetaka nyumba yenye ubaridi anunue bati zito, atoke geji 30 aende geji 28. Bati zito lina faida yake. Hudumu na huhimili upepo. Lakini kwa joto halina msaada. Ili chuma kilizuie joto kama linavyozuiwa na ubao mkavu wa sentimita 1 tu, kingehitajika chuma chenye unene wa mita 3 hivi. Sehemu ya kumi ya milimita inayoongezwa na geji haifui dafu mbele ya hesabu hiyo. Aliyekusudia ubaridi aitumie fedha hiyo kwa dari.

Dari ya mbao nyembamba au ya jipsamu husaidia kwa njia mbili. Yenyewe hupitisha joto kidogo, na kati yake na bati huacha nafasi ya hewa. Hewa hiyo isiachwe ikajaa joto pasipo pa kutokea. Matundu yawekwe kwenye kofia za ukuta ili iliyopata moto itoke na mpya iingie. Na bati likipakwa rangi nyeupe, sehemu kubwa ya mwanga wa jua hurudishwa kabla haujawa joto. Rangi kwanza, matundu ya pili, dari ya tatu: kwa mpangilio huo hata mwenye kipato kidogo anaweza kuanza leo na kumaliza mwakani.

Waliotutangulia walilijua hili kwa uzoefu. Paa la makuti ni tabaka juu ya tabaka, na kati yake hewa imenaswa. Ndiyo maana banda la makuti lina ubaridi adhuhuri ingawa halina dari. Na zile nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene unaokaribia nusu mita. Joto lililoanza safari katika ukuta huo mchana huchukua saa nyingi kulifikia chumba, na linapowasili usiku umekwisha kuingia na madirisha yako wazi. Ukuta haukulishinda joto, bali umelichelewesha mpaka saa isiyo na madhara.

Hapa tunaomba ruhusa ya kusema jambo ambalo tunalisema tukiwa ndani ya kamati, si nje yake. Katika misikiti mingi, sadaka ya ujenzi huanzia mbele: mihrabu, nguzo, vigae vya kibla, taa za kuning'inia. Sehemu ya wanawake na darasa la watoto huja mwisho, na aghalabu huishia kwenye bati tupu. Kisha tunashangaa kwa nini akina mama hawahudhurii darsa za alasiri, na kwa nini mtoto anayehifadhi vizuri asubuhi hasemi neno saa nane mchana. Hatusemi msikiti usipambwe. Tunasema kwamba mfadhili anapokuja na kuuliza kilichopungua, katibu wa kamati awe na jibu tayari: dari ya darasa la watoto, vipimo vyake hivi, gharama yake hii. Jambo hilo sasa liko mezani katika kamati yetu, na tunawashauri wenzetu waliweke mezani katika zao. Ubao ulio juu ya kichwa cha mtoto anayesoma ni sadaka yenye kuendelea sawasawa na nguzo inayoonekana kutoka barabarani.

Sakafu ya Msikiti Mtukufu

Waliojaaliwa kwenda Hija au Umra hurudi na habari moja inayowastaajabisha wengi: katika jua kali la Makka, sakafu ya mahali pa kutufu haiunguzi miguu. Wapo wanaosema kwamba chini yake yamepitishwa mabomba ya maji baridi, na wasimamizi wa Haram wamelikanusha hilo. Siri imo katika jiwe. Ni marumaru meupe yanayochimbwa katika kisiwa cha Thassos, nchini Ugiriki. Weupe wake hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, kwa hiyo kinachoingia ni kidogo. Na hicho kidogo kinachoingia hakibaki juu kikauunguza unyayo. Kwa kuwa jiwe hilo hupitisha joto vizuri kuliko mawe mengi, hushuka na kutawanyika katika unene wake.

Somo kwa kamati na kwa wajenzi wa nyumba ni kwamba rangi ya sakafu ya uani si suala la urembo tu. Vigae vyeusi au vyekundu sana, ambavyo mafundi wetu navyo huviita marumaru, vikitandazwa kati ya mahali pa kutawadhia na mlango wa msikiti, vitawaunguza waumini kila Ijumaa. Vigae vyeupe visivyoteleza, au mkeka wa ukili uliotandikwa juu yake, vitawaondolea mashaka hayo. Mkeka, kwa hewa iliyo kati ya miyaa yake, hufanya kazi ile ile ya makuti na ya kitambaa kikavu.

Ndugu zetu, ukitazama utaona kwamba yote haya ni jambo moja. Mwenyezi Mungu hakuumba vitu bure, wala hakuvipa tabia moja. Katika Suratun Nahl ametukumbusha neema ya mavazi yanayotukinga na joto, na vazi lenyewe si lolote ila ni nyuzi na hewa iliyofungwa kati yake. Kipo kilichoumbwa kupitisha na kipo kilichoumbwa kuzuia, na hekima ni kukiweka kila kimoja mahali pake: alumini juu ya moto, mti mkononi, udongo ubavuni mwa mkaa, maji juu ya jeraha, na ubao kati ya bati na kichwa cha mtoto.

Tunawaomba wazazi walifanye jaribio la vijiko pamoja na watoto wao kabla ya juma lijalo, wakikague kitambaa cha kuepulia, na wayahifadhi maneno ya dakika 20 za maji kama wanavyohifadhi namba za simu za jamaa. Na wanakamati wenzetu wasimame adhuhuri moja ndani ya darasa la madrasa yao, wala si mlangoni, wanyooshe mkono kuelekea paani, kisha ndipo wakae kupanga bajeti.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na awahifadhi watoto wetu na moto wa dunia na wa akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.